Saa ya Kweli na Saa ya Watu Wetu

Amani na Neema, mlionirithi ofisini, mliniomba niwaandikie namna ya kupanga safari za boti kabla sijaisahau kazi yenyewe. Haya, nimeandika. Nimetumia Kiswahili kwa sababu Kiingereza cha kazi mnakijua kunishinda, na kwa sababu jambo kubwa ninalotaka mlijue lilisemwa kwa Kiswahili. Mkikwama kwenye neno, nipigieni simu. Niko nyumbani Toongabbie, sina safari ila ya kliniki na ya kanisani, na kuuliza si ujinga.

Niliingia pale kama mfagiaji. Mnajua palivyo: boti mbili ndogo, gati linaloelea, na ofisi ya dirisha moja kando ya mto Parramatta. Kazi yetu ilikuwa ile ile ya leo, kuwapeleka watu wachache mtoni na kwenye mifereji ambako feri kubwa haziingii. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Ziwa letu ni la kutazama ndege, si la kuingia, na mpaka leo siogelei. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino kwa sababu niliambiwa ni kazi ya ofisini. Kisigino kimoja kiliingia katikati ya mbao za gati kikakatalia huko. Nilifagia boti mbili nikiwa na kiatu kimoja, na hakuna aliyenicheka, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Nahodha alikuwa Neville. Nyinyi mmemkuta amezeeka, lakini hata wakati ule alikuwa mzee mwembamba wa maneno machache. Akikwambia sentensi mbili kwa siku, ujue amekupenda. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga safari zote kwa penseli kwenye daftari lenye jalada la kijani. Siku moja nikiwa napiga deki alinikuta nimelisoma lile daftari, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia, "Hawa watu wako wa kesho watakaa majini masaa matatu, na hujaandika watakojoa wapi." Alinitazama, akaitazama ile karatasi, akatoka nje. Wiki iliyofuata nikapewa kiti na meza, na mfagiaji mwingine akaajiriwa.

Safari yangu ya kwanza kupanga ilikuwa ya walimu wanane wastaafu. Nilichukua ramani na rula, nikapima mto kama mtu anayepima kitambaa, nikagawa kwa mwendo wa boti, nikapata saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Nilijipiga kifua. Sikujua kwamba mto ule maji yake yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa sababu umeungana na bahari. Wale walimu walikwama kwenye matope katikati ya mikoko kwa masaa manne. Waliimba mpaka nyimbo zikaisha. Zilipoisha, walichukua karatasi yangu ya ratiba wakaisahihisha Kiingereza kwa kalamu nyekundu. Ninayo hadi leo.

Neville hakunigombeza. Kesho yake alinipakia kwenye boti maji yakiwa yamepwa kabisa, akanipeleka taratibu nikaone kila kitu ambacho maji huficha: mafungu ya matope, toroli za madukani zilizotupwa, nguzo za gati la zamani, mabomba. Akasema, "Mto ukijaa unakudanganya. Njoo uuone ukiwa mtupu." Hizo ndizo sentensi mbili za siku ile. Basi na nyinyi, kabla hamjampangia mtu yeyote safari mpya, nendeni kwanza mkaione njia yake maji yakiwa yamepwa. Simu yenu ina ramani nzuri, lakini haina matope.

Alinipa pia ule mpini wa deki wenye mstari mwekundu. Msije mkautupa mkidhani ni takataka. Kutoka chini yake hadi kwenye mstari ni urefu wa paa la boti kutoka usawa wa maji. Ukifika kwenye daraja ukausimamisha kando ya nguzo, mwisho wake ukigusa maji, unajua mara moja kama mtapita au mtabaki bila paa.

Mambo mengine mtajifunza wenyewe, lakini haya nawapa bure. Pangeni choo kwanza, halafu chai, halafu mandhari. Julai upepo wa magharibi unakata, kwa hiyo wazee wakae upande wa kushoto mkipanda mto. Feri ikipita, mtu asisimame na kikombe cha moto. Ulizeni chakula mapema, maana mwenyeji wa hapa huja na biskuti, Mkenya huja na sufuria ya pilau, na Mkongomani huja na sufuria mbili na shangazi ambaye hakuandikishwa. Boti ni ya watu kumi na wawili. Shangazi wa kumi na tatu atabaki kwenye gati hata akilia, na atalia.

Sasa nifike kwenye daraja la mfereji, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Mnalijua lilivyo chini. Maji yakijaa, paa haliingii. Maji yakipwa kabisa, huko ndani ya mfereji unagusa chini. Kwa hiyo unapata muda wa katikati tu, kama saa moja na kidogo, wa kuingia, kugeuza na kutoka. Miaka ya mwanzo kikundi kimoja cha watu wetu kutoka Blacktown kilikodi boti kwa sherehe ya shukrani. Niliwaambia saa nne, wakaja saa tano na nusu, wamependeza, wanasalimiana mmoja mmoja. Tukaingia mferejini tumechelewa, maji yakaanza kujaa nyuma yetu, na kurudi haikuwezekana. Tulikaa upande wa pili wa daraja mpaka saa kumi jioni na chupa moja ya chai.

Kuanzia siku hiyo nikatunga dawa yangu. Kwenye daftari nikaongeza safu ya pili. Wazungu, Wahindi na Wachina niliwaandikia saa ya kweli. Watu wetu niliwaandikia saa ya watu wetu, yaani saa moja na nusu kabla. Wakija wamechelewa, wamewahi. Iliniendea vizuri sana, nikawa naisimulia kwenye harusi kama hadithi ya ujanja wangu. Wakongomani ndio walionipa jina la Mama Ratiba, nami nikalivaa kama kofia. Wakenya walikuja kunigundua, wakawa wananiuliza kwenye simu, "Mama Ratiba, hiyo ni saa yako ama ni ya boti?" Nawajibu kwa macho makavu kabisa, "Ni ya boti."

Neville aliiona ile safu, akauliza ni ya nini. Nikamwambia, "Ni ya utamaduni."

"Na asiyechelewa je?"

"Hayupo," nikasema, nikacheka.

Mkifungua daftari mtaona safu ya pili inakoma ghafla mwezi wa Julai, miaka mitatu kabla sijastaafu. Tangu hapo kila mtu alipewa saa ile ile ya kweli. Vikundi viwili vya watu wetu niliviacha kwenye gati na masufuria yao, wakanitukana kwa lugha nne, na mchungaji mmoja akanihubiria mimi kwa jina. Kabla msimu haujaisha, wote wakawa wanafika mapema. Kumbe wangeweza tangu zamani. Lakini sikuifuta safu ile kwa sababu ya hesabu za muda. Niliifuta kwa sababu ya Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa Mkongomani wa Uvira, akiishi Rooty Hill, na kwa miaka kumi na moja alifungasha maboksi kwenye ghala moja ambalo ukuta wake wa nyuma unatazamana na ule mfereji. Aliyekuja ofisini ni binti yake, Esperance. Alikaa kwenye kiti akanieleza bila kulia, kama mtu aliyekwisha lia nyumbani. Mama yake alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona. Daktari alikuwa amesema ni majuma, si miezi.

"Wakati wa mapumziko alikuwa anakula nje, pale kwenye zege," Esperance alisema. "Boti yenu ikipita na watu wamekaa wanakunywa chai, anasema, siku moja na mimi nitapita hapa nimekaa. Kila siku anasema hivyo. Sasa wenzake wa depo, pale ghalani, wanataka kumuaga. Kule aliko ni mbali, na zamu zao hazina nafasi. Lakini mapumziko yao ni saa tano na nusu mpaka saa sita. Kama boti inaweza kupita wakati ule, watatoka wote nje. Atawaona, nao watamwona. Ni hiyo tu."

Nilimwambia nitapanga, na nilipanga kama sijawahi kupanga. Nilitafuta siku ambayo maji yangejaa asubuhi mapema, ili saa nne na nusu mteremko wa kushukia kwenye gati uwe bado haujawa mkali kwa kiti cha magurudumu. Nilihesabu kwamba saa tano na robo maji yangekuwa yameshuka kiasi cha paa kupita chini ya daraja. Saa tano na nusu tungekuwa nyuma ya ghala. Saa saba kamili alitakiwa awe amerudi kwa ajili ya dawa. Niliomba blanketi, nikapima mlango wa boti kwa ajili ya kile kiti, nikachagua upande atakaokaa ili zege la ghala liwe mkono wake wa kulia. Nawaambia ukweli, ule ndio mpango bora wa maisha yangu.

Halafu nikachukua kalamu nikamwandikia Esperance: mfike saa tatu kamili. Mkono ulijiendea wenyewe.

Akaisoma. "Saa tatu kamili, Mama Ratiba? Nauliza kwa sababu Mama anachoka haraka. Nguvu yake ni ya masaa machache tu, halafu inaisha."

Nilimsikia. Siwezi kusema sikusikia. Nikawaza, huyu atafika saa nne na robo kama wenzake. Nikamjibu, "Kamili."

Siku yenyewe nilikuwa kwenye treni simu ilipoita. Nikaona jina la Esperance. Watu wetu wakinipigia asubuhi ya safari huwa ni jambo moja tu, wako njiani, wako karibu, ni dakika kumi tu, na huko nyuma nasikia maji ya bafuni. Nikairudisha simu mkobani. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu. Nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Nilifika saa nne. Geti la gati hatulifungui kabla ya hapo, mnajua. Nje ya geti, kwenye ule uwazi unaopigwa na upepo, niliwaona watu watatu wamesimama wameshikana mabega kama wanaomba. Hawakuwa wanaomba. Walikuwa wamejifanya ukuta. Katikati yao alikuwa Mama Furaha kwenye kiti, blanketi hadi kidevuni, kitambaa kizuri cha kitenge kichwani, midomo imebadilika rangi.

"Tuko hapa tangu saa tatu kasoro," Esperance alisema. "Teksi ya wagonjwa imetushusha ikaenda. Mlango umefungwa. Nimekupigia mara tatu."

Nikaanza kutafuta uongo. Nikasema kitu kuhusu maji, kwamba jedwali lilibadilika. Mama Furaha akautoa mkono mmoja kwenye blanketi kunizuia.

"Na Wazungu unawaambia hivi?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Vipi, Mama?"

"Unawaambia saa tatu, halafu wewe unakuja saa nne?"

"Hapana, Mama. Wao nawaambia saa ya kweli."

"Na sisi?"

"Nyinyi nawaongezea saa moja na nusu. Kwa sababu watu wetu huchelewa."

"Ungeniuliza kama nachelewa, ningekuambia. Depo pale, miaka kumi na moja, sijachelewa hata siku moja. Ona, mwanangu, mimi sina siku tena, niko na masaa. Umenikatia moja na nusu." Kisha akasema, "Haya, fungua mlango. Baridi."

Nilifungua. Niliwasha hita ya ofisini, nikachemsha chai, nikampigia magoti nikimsugua mikono. Hakunikataza. Neville alipofika aliwatazama wote, akauliza walifika saa ngapi, nikamwambia. "Safu ya pili," akasema. Alivua koti lake akamfunika Mama miguuni. Kuondoka mapema hakukuwa na faida, kwa sababu daraja halisikii pole. Tulingoja saa nne na nusu.

Mtoni alichangamka. Jua lilikuwa limetoka. Alikunywa chai, akala nusu ya andazi, akasema ziwa lao la Uvira ni pana, huu ni mfereji tu uliojaliwa jina. Alituelezea wenzake wa ghala mmoja mmoja: nani anaimba vibaya, nani huficha pilipili mfukoni, nani alimfundisha Kiingereza cha kumjibu msimamizi. Esperance alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa naangalia saa na maji, nikianza kuamini kwamba Mungu amenivusha katika hili.

Saa tano na dakika kumi tulikuwa kwenye daraja. Tukangoja dakika sita. Nikasimamisha mpini kando ya nguzo, mstari mwekundu ukapita chini ya daraja kwa vidole viwili. Neville akapenyeza boti taratibu, vivuli vya vyuma vikapita juu yetu, tukatokea upande wa pili. Ndugu wawili wa kanisani waliokuja naye walipiga makofi. Nikageuka nimwambie, "Mama, tumeingia."

Kichwa kilikuwa kimeangukia bega.

Nilishtuka vibaya, lakini Esperance aliweka mkono kifuani mwa mama yake akasema, "Amelala." Akamgusa shavu. Akamwita kwa sauti ya chini mara mbili. Hakuamka. Uso wake ulikuwa umelegea, bila kile kikunjo cha maumivu alichokuwa nacho tangu asubuhi.

"Muuguzi alisema akipata usingizi kama huu tusimkatishe," Esperance alisema. "Siku hizi hapati. Maumivu hayamwachi alale."

"Ni wewe wa kuamua, dada," nikamwambia. "Ghala ni dakika kumi kutoka hapa."

Aliutazama ule uso. Nikaomba kimoyomoyo amwamshe. Hakumwamsha.

Tulizunguka kona ya mwisho saa tano na nusu, kamili kama nilivyopanga. Walikuwa nje wote, watu zaidi ya ishirini, wamevaa vizibao vyao vya rangi ya chungwa, wamepanga mstari juu ya zege. Walikuwa wametundika kitenge kwenye uzio. Mwanamke mmoja alikuwa na kifuniko cha sufuria na mwiko. Walipotuona walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kwenye mikoko. Esperance akasimama, akaweka kidole mdomoni, halafu akauonyesha uso wa mama yake.

Wakanyamaza. Si kwa mara moja, mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyomwona. Yule wa kifuniko alikishusha akakikumbatia. Walipunga mikono tu. Neville alipunguza mwendo mpaka mwisho, lakini kusimama hatukuweza, maji yalikuwa yanatuacha. Tuligeuza pale penye upana, tukapita mara ya pili. Alikuwa bado amelala. Kengele ya ghala ikalia, wakaingia ndani wakiwa wanatazama nyuma.

Nililia. Sikujificha. Lile andazi, zile hadithi, ule uchangamfu wa mtoni, ndivyo vilikuwa mwisho wa nguvu zake, na zile nyingine nilikuwa nimezimaliza mimi nje ya geti.

Aliamka tukiwa tumelipita daraja tunarudi. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Bado hatujafika?"

Esperance aligeukia upande wa maji. Nikajua jibu ni langu. Nikachuchumaa mbele ya kiti.

"Tumefika, Mama. Tumepita mara mbili. Ulikuwa umelala. Ulichoka kwa sababu nilikuweka kwenye baridi asubuhi. Ni kosa langu."

"Walikuwepo?"

"Wote. Walijaa zege lote."

"Walisema nini?"

"Walinyamaza, Mama. Hawakutaka kukuamsha."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa na Esperance akaja kumshika mgongo. "Wale? Wamenyamaza? Miaka kumi na moja sijawahi kuwasikia wamenyamaza!" Akajifuta macho kwa ncha ya blanketi, akageuza shingo kulitazama daraja likienda mbali. Kicheko kikamwishia.

"Tunaweza kurudi?"

"Hapana, Mama. Mapumziko yao yameisha. Na maji yameshuka, tukiingia tena tutakwama, na saa saba una dawa."

"Hiyo ni ya kweli?" akaniuliza. "Au ni ile ya kwetu?"

"Ni ya kweli, Mama."

Alinitazama kwa kitambo kabla ya kuamua kuniamini.